Lester Patrick: beki asiyetulia nyuma, mwenye ligi, kocha wa New York Rangers (uzi mrefu, vuta kiti)

#1 Beki Kisiki

Wakuu, salaam.

Mara kwa mara humu jukwaani hurushwa ile stori ya kocha mwenye mvi aliyevaa pedi na kukaa golini kwenye fainali ya hoki ya barafuni mwaka 1928. Watu wanacheka, wanashangaa, kisha uzi unazama. Stori ni ya kweli na nitaifikia. Ila kwangu mimi usiku ule ni sehemu ndogo sana ya alichofanya yule bwana. Leo nataka nianze alipokuwa beki, kwa sababu ukikosa kuuelewa ubeki wake, hata aliyoyafanya akiwa mwenye ligi na kocha yataonekana kama bahati tu.

Lester Patrick alizaliwa 31 Desemba 1883 Drummondville, jimbo la Quebec, Kanada. Baba yake, Joseph, alikuwa mtu wa biashara ya mbao. Mdogo wake Frank alizaliwa Desemba 1885, naye akawa beki. Hawa wawili ni chanda na pete, ukimtaja mmoja lazima umtaje mwingine.

Sasa kwa wasiojua mchezo ulivyokuwa. Timu ilikuwa na watu saba barafuni, si sita kama leo: kipa, mabeki wawili, washambuliaji watatu na mmoja wa kuzurura popote. Mabeki hawakusimama sambamba. Mmoja alikaa mbele ya kipa, mwingine mbele ya huyo, kwenye mstari mmoja kwenda mbele. Na pasi ya mbele ilikuwa marufuku, kama kwenye raga. Mwenzako akiwa mbele ya kile kisahani cha mpira mgumu wanachokipigania, huyo ameotea.

Kwa hiyo beki akikipata alikuwa na njia mbili. Abutue juu, kirushwe hadi upande wa pili, aliyekiwahi akiwahi. Au akichukue mwenyewe akimbie nacho. Wengi walibutua. Lester alikimbia.

#2 Mzee wa Gati

Nimeweka kambi hapa mkuu. Tiririka.

#3 Kanga Moko

Mimi huu mchezo naujua kwa kupigana ngumi tu. Ngoja tujifunze.

#4 Beki Kisiki

Ngumi zipo, lakini tuendelee.

Mwaka 1904 Lester yuko Brandon, Manitoba, kijana wa miaka 20. Kombe la Stanley wakati ule halikuwa la mwisho wa ligi kama sasa. Lilikuwa kombe la kudaiwa: anayelishika analilinda, na timu yoyote ya maana inaweza kuja kulidai. Brandon walipanda treni hadi Ottawa kulidai, wakachapwa na wenyeji waliokuwa wababe wa zama zile. Walirudi mikono mitupu, ila watu wa mashariki walishamwona beki mrefu anayeacha nafasi yake na kupanda na kisahani mpaka golini kwa wenzake.

Halafu akaja Montreal, akachezea Westmount, kisha Wanderers. Machi 1906 Wanderers na Ottawa wanacheza mechi mbili, jumla ya mabao ndiyo inahesabiwa. Ya kwanza Wanderers wanashinda 9-1. Mnadhani imeisha? Ya pili, Ottawa wakiwa kwao, wanafunga mpaka jumla inakuwa 10-10. Uwanja mzima unanguruma, Montreal hoi. Aliyewaokoa ni beki: Lester alifunga mabao mawili ya mwisho. Ottawa walishinda mechi ile 9-3 na bado wakapoteza kombe, 12-10.

Januari 1907 Wanderers, Lester akiwa nahodha, walinyang'anywa kombe na Kenora Thistles, timu ya mji mdogo wa Ontario. Kikosini mwa Kenora alikuwamo beki wa kuazima aitwaye Art Ross, ambaye naye alipenda kukimbia na kisahani. Mshikeni jina huyo. Machi mwaka huohuo Wanderers wakalirudisha, 12-8 kwa jumla.

Yaani mpaka hapo jamaa ana miaka 23, ameshachukua kombe mara mbili. Kisha akaondoka kwenda porini kukata miti.

#5 Kanga Moko

Eti nini?

#6 Beki Kisiki

Ndiyo hivyo, dada. Baba yake alihamishia biashara Nelson, British Columbia, kule magharibi milimani, akawahitaji wanawe. Kucheza hoki hakukuwa ajira ya kumtegemeza mtu maisha. Lester akawa mtu wa magogo na viwanda vya mbao, hoki akicheza ya mjini pale Nelson. Mwisho wa 1908 Edmonton walimkodi aende kuidai Stanley kwa Wanderers, yaani timu yake ya jana. Walishindwa.

Kilichomrudisha ni pesa. Msimu wa 1909-10 tajiri mmoja, Ambrose O'Brien, alitaka mji wake mdogo wa Renfrew, Ontario, uchukue kombe. Lester akataja bei ambayo alidhani itakataliwa: dola 3,000 zake na 2,000 za Frank, kwa msimu wa mechi 12. Wakakubali. Cyclone Taylor, aliyekuwa nyota kuliko wote, alipewa zaidi ya 5,000. Mji ulikuwa wa viwanda vya siagi na watu wachache, na watu wakaibatiza timu jina la Mamilionea.

Kombe hawakuligusa. Walilichukua Wanderers.

Ninavyoona mimi, Renfrew ndiyo ilikuwa shule yake kubwa. Aliona kwamba mchezaji ana bei, na kwamba bei hiyo haiwezi kulipwa na mji usio na watu wa kujaza jukwaa. Ukitaka hoki ya kulipwa isimame, unahitaji jiji na paa kubwa, na barafu ambayo haitegemei hali ya hewa.

#7 Chuma cha Reli

Barafu isiyotegemea hali ya hewa Kanada? Kule si friji tupu?

#8 Beki Kisiki

Swali zuri. Montreal na Winnipeg ndiyo, ni friji. Lakini hata kule siku ikipata joto kidogo barafu inakuwa uji, mechi inachezwa kwenye maji. Vancouver na Victoria zipo pwani ya Pasifiki, majira ya baridi huko ni mvua. Barafu ya asili huipati.

Mwaka 1911 mzee Joseph aliuza kampuni ya mbao. Familia ikakaa kikao, wakaamua kuitia fedha ile kwenye hoki, wazo ambalo Frank ndiye aliyelipigia debe zaidi. Walijenga kumbi mbili zenye barafu ya kutengenezwa, za kwanza Kanada: ya Victoria ya watu kama 4,000, na ya Vancouver, Denman Arena, ya zaidi ya watu 10,000. Kanuni yake ni ileile hadi leo. Chini ya sakafu unapitisha mabomba ya maji ya chumvi yaliyopozwa kwa mitambo ya amonia. Chumvi inazuia maji yale yasigande hata yakiwa chini ya sifuri. Juu ya sakafu unamwaga maji kidogokidogo, tabaka juu ya tabaka, yanaganda.

Wakaanzisha ligi yao, Pacific Coast Hockey Association, timu tatu: Vancouver, Victoria na New Westminster. Mechi ya kwanza ilichezwa Victoria tarehe 3 Januari 1912. Wachezaji waliwatoa ligi ya mashariki kwa kuwapandia dau. Mamilionea wa Renfrew walihamia pwani, ukipenda.

#9 Mtaa wa Tatu Nairobi

Hapo kwa mabomba naongezea. Huku Nairobi tuna barafu ndani ya hoteli ya Panari, Mombasa Road, tangu 2005, na timu ya Kenya Ice Lions hufanyia mazoezi hapo. Uwanja ni mdogo kuliko ule wa kawaida, lakini barafu ni barafu. Jua la ikweta liko nje, vijana wako ndani wanateleza.

#10 Beki Kisiki

Shukrani ndugu wa Nairobi. Teknolojia ile haikujali uko wapi, mradi una umeme na mtu wa kulipa bili.

Sasa hapa ndipo uzi wenyewe ulipo, nisikilizeni.

Ndugu hawa walikuwa wenye ligi na kumbi, na mikataba ya wachezaji walikuwa nayo wao. Hapohapo walikuwa makocha, na barafuni walicheza wenyewe! Lester Victoria, Frank Vancouver. Leo huwezi kuruhusiwa, na sitetei. Mtu anayepanga sheria ndiye anayecheza dhidi yako kesho. Ila kwa kuwa walikuwa mabeki wanaocheza, kila kero ya mchezo waliihisi miguuni kwanza, na walikuwa na mamlaka ya kuirekebisha wiki ijayo bila kumwomba mtu.

Chukulia pasi ya mbele. Kero yake nimeshaieleza: beki ana kubutua au kukimbia peke yake. Msimu wa 1913-14 walichora mistari miwili ya bluu, wakagawa barafu sehemu tatu, na ile ya kati wakaruhusu pasi ya mbele. Ghafla beki anatoka na kisahani, anampa mwenzake aliyetangulia, mchezo unatiririka. Ligi kuu ya NHL, ambayo wakati huo hata haijazaliwa, ilikuja kuichora mistari hiyo 1918, na kuruhusu pasi ya mbele kila eneo ilichelewa hadi 1929.

Kipa alikuwa haruhusiwi kujitupa chini kuokoa, akijilaza anaadhibiwa. Wao wakamruhusu. Penalti ya mtu na kipa waliianzisha msimu wa 1921-22, na NHL ikaifuata 1934. Kumhesabia mtu pasi ya bao, na mtoano wa mwisho wa msimu, ni miongoni mwa mengi yaliyopita mikononi mwao. Jambo moja tu walilolishikilia kwa ukaidi ni yule mtu wa saba. Mashariki walimwondoa mapema, pwani walikaa naye hadi 1922. Kwa nini watu wapenda mabadiliko waligoma hapo? Nadhani walipenda mchezo wa kukimbia, na yule mzururaji ndiye aliyeukimbiza.

#11 Mzee wa Gati

Kwa hiyo hizo timu za pwani zilikuwa na uwezo, au ni ligi ya mchangani yenye sheria nzuri?

#12 Beki Kisiki

Vancouver walichukua Stanley 1915. Seattle walichukua 1917, timu ya kwanza ya Marekani kulinyakua. Ligi ya mchangani haifanyi hivyo.

Lester mwenyewe alitangatanga. Vita ya kwanza ya dunia ilipokuwa imepamba moto, jeshi lilichukua ukumbi wa Victoria, timu ikahamia Spokane ikafa kwa kukosa watazamaji. Yeye akaenda Seattle msimu mmoja, kisha akarudi Victoria.

Na Victoria ndiyo iliyompa kombe la kwanza akiwa kocha. Machi 1925, Victoria Cougars dhidi ya Montreal Canadiens, anayewahi kushinda tatu kati ya mechi tano ndiye bingwa. Cougars walishinda 3-1. Wakongwe watupu kikosini: Frank Foyston, Jack Walker, kipa Hap Holmes, pamoja na Frank Fredrickson. Lester alikuwa akibadilisha wachezaji kwa zamu fupifupi, wenye pumzi mpya wanaingia, wakati Canadiens wakiwachosha nyota walewale. Tangu hapo hadi leo hakuna timu ya nje ya NHL iliyochukua Kombe la Stanley.

Mwaka uliofuata walifika tena fainali, wakapigwa na Montreal Maroons. Halafu magharibi ikaanguka. NHL ilikuwa imeshaingia miji mikubwa ya Marekani, Boston, New York, mishahara inapaa, na mji wa ukubwa wa Victoria hauwezi kushindana. Renfrew yote tena, ila safari hii aliyekuwa upande wa mji mdogo ni yeye. Wakauza wachezaji kwa mafungu. Kikosi cha Victoria kikaenda Detroit, cha Portland kikaenda Chicago. Boston, ambako meneja alikuwa Art Ross yuleyule wa Kenora, wakapata beki aliyekuja kutisha Amerika nzima, Eddie Shore.

#13 Chuma cha Reli

Kwa hiyo Lester alibaki bila timu.

#14 Beki Kisiki

Kwa miezi michache. New York Rangers, timu mpya kabisa, walikuwa wamemwajiri Conn Smythe awasajilie wachezaji. Smythe akawasajilia, na vizuri sana: ndugu Bill na Bun Cook, Frank Boucher, beki Ching Johnson, kipa Lorne Chabot. Kisha kabla ya mechi ya kwanza ya msimu wa 1926-27 wakamtimua, wakamleta Lester.

#15 Mtaa wa Tatu Nairobi

Basi hiyo timu ilikuwa ya Smythe. Huyu wako alipata ugali tayari umesongwa.

#16 Beki Kisiki

Hoja ina uzito, siipingi yote. Akina Cook na Boucher walikuwa kazi ya Smythe, na Smythe alikwenda Toronto kujenga Maple Leafs, akamchapa Lester fainali ya 1932, mechi tatu bila majibu. Lakini 1933 Lester akalipa kwa Toronto hiyohiyo. Alikaa benchi la Rangers misimu 13, akafika fainali 1928, 1929, 1932, 1933 na 1937. Usajili wa msimu mmoja haukubebi hivyo. Akina Cook na Boucher walicheza safu moja kwa miaka kumi hivi, na huyo aliyewaacha pamoja bila kuwavuruga ni kocha.

Sasa fainali ya 1928, mliyoisubiri.

Rangers dhidi ya Montreal Maroons. Mechi zote zilichezwa Montreal, kwa sababu ukumbi wa Rangers, Madison Square Garden, ulikuwa na sarakasi, na sarakasi ilikuwa na wateja zaidi. Rangers wamepoteza ya kwanza 2-0. Tarehe 7 Aprili, mechi ya pili, kipindi cha pili, bado 0-0. Nels Stewart wa Maroons anapiga, kisahani kinampata Chabot jichoni. Chabot anapelekwa hospitali.

Timu hazikuwa na kipa wa akiba. Desturi ilikuwa kuazima kipa yeyote aliye karibu, kwa ridhaa ya mpinzani. Jukwaani alikuwepo Alec Connell, kipa wa Ottawa, mmoja wa bora kabisa. Lester akamwomba. Kocha wa Maroons, Eddie Gerard, akakataa. Akaombwa kipa mwingine, wa ligi ndogo. Akakataa pia.

Na huyu Gerard, naye beki mstaafu aliyegeuka kocha, mwaka 1922 aliazimwa na Toronto kutoka Ottawa kucheza mechi moja ya fainali dhidi ya Vancouver, timu ya akina Patrick, kwa ridhaa ya hao watu wa pwani. Toronto walishinda 6-0. Aliyekula kwa mlango ule ndiye aliyeufunga.

Lester akavaa pedi za Chabot. Miaka 44, kichwa cheupe. Siyo kwamba golini palikuwa pageni kabisa kwa watu wa rika lake. Enzi zao kipa akiadhibiwa alitoka mwenyewe, na mwenzake yeyote akashika nafasi. Lakini dakika mbili tatu za 1905 siyo fainali ya 1928. Benchi akaachiwa Odie Cleghorn, kocha wa Pittsburgh aliyekuwa pale kama mtazamaji.

Rangers wakamlinda kwa kumzuia adui mbali. Mabeki waliwasukuma Maroons pembeni, mashuti yakatoka mbali. Bill Cook akafunga mwanzoni mwa kipindi cha tatu. Stewart akasawazisha kuelekea mwisho. Muda wa nyongeza, dakika ya nane inaingia, Boucher akafunga. 2-1. Wachezaji wakambeba kocha wao.

Mechi zilizobaki ligi ikawaruhusu kumtumia Joe Miller, kipa wa New York Americans, na tarehe 14 Aprili Rangers walichukua kombe, 3-2 kwa mechi. Ulikuwa msimu wao wa pili tu duniani.

#17 Kanga Moko

Huyo Gerard nimemchukia kutoka moyoni. Na leo kipa na wa akiba wake wakiumia wote inakuwaje?

#18 Beki Kisiki

Kanuni za NHL ziliweka kipa wa dharura anayekuwepo uwanjani, wa kutumiwa na timu yoyote. Februari 2020 Carolina walibaki bila makipa wakiwa Toronto, akaingia David Ayres, miaka 42, aliyewahi kuendesha mashine ya kusawazisha barafu. Carolina wakashinda 6-3.

#19 Mzee wa Gati

Mkuu tumalizie. Baada ya Rangers?

#20 Beki Kisiki

Mwaka 1939 alimkabidhi benchi Frank Boucher, akabaki meneja mkuu. 1940 wakachukua kombe, na kikosini walikuwamo wanawe wawili: Lynn, mshambuliaji, na Muzz, beki. Lynn aliposajiliwa 1934 mzee alisita kwa hofu ya kuambiwa anabeba mtoto, na wachezaji wakubwa wa timu ndio waliomsukuma. Msimu wa 1941-42 Lynn akaongoza ligi nzima kwa mabao. Lester alistaafu umeneja 1946, akaingizwa Ukumbi wa Mashujaa wa hoki 1947, akarudi Victoria alikowahi kujenga. Alifariki huko 1 Juni 1960. Frank akamfuata mwezi huohuo, tarehe 29.

Baada ya lile la 1940, Rangers hawakuliona kombe tena hadi 1994.

#21 Chuma cha Reli

Ukoo ukaishia kwa hao wawili?

#22 Beki Kisiki

Hapana. Lynn na Muzz wote walikuja kuifundisha Rangers kwa nyakati tofauti. Mtoto wa Lynn, Craig, alikuwa kocha msaidizi wa Marekani ile iliyoishangaza Urusi ya Kisovieti kwenye Olimpiki ya 1980, kisha akawa meneja mkuu wa Pittsburgh Penguins waliobeba Stanley 1991 na 1992. Tuzo ya kumheshimu anayeutumikia mchezo huu Marekani, iliyoanzishwa 1966, ina jina la babu yake, na Craig naye amewahi kuipewa.